Nyumba Iliyopanda Trela

Singeweza kujenga nyumba kwa sababu kaka yangu mkubwa hakuwa na mke.

Pesa ilikuwepo. Nilikuwa nimebeba miwa Awendo miaka mingi, kwanza kwa trekta la mtu, halafu kwa langu, na benki nilikuwa na milioni moja na laki nane. Shamba lilikuwepo Lambwe. Baba aliligawa kabla hajafa na kila mtu anajua mpaka wake. Aliyekosekana ni Trizah, mke wa kaka yangu Cephas. Alikuwa amemwacha akaenda Macalder kuwauzia wachimba dhahabu chapati.

Kwa mtu asiyetoka kwetu nitaeleza mara moja tu. Mjaluo hafungui dala lake, yaani boma lake mwenyewe, kabla kaka yake mkubwa hajatoka kwa baba akafungua lake. Wa kwanza anatangulia, wa pili anafuata. Na siku ya kufungua, mwanaume anaenda pale na mke wake, nyumba inasimama siku hiyo hiyo, na usiku wanalala ndani. Bila mke hakuna dala. Ukiruka foleni, watu wanasema utapatwa na chira, utakonda na utakufa. Pasta wetu anasema chira haipo. Lakini pasta huyo huyo alingoja kaka yake ahame ndipo naye akajenga, kwa hiyo kwa mambo hayo tunamsikiliza kwa sikio moja.

Mimi ningengoja. Aliyeshindwa kungoja ni kijana wangu Clifford. Alikuwa amepata msichana, Irine, wa Homa Bay mjini, na shangazi za Irine walikuwa wanakuja Desemba kuona mahali msichana wao ataishi. Kijana wa kwetu hujenga simba, nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la baba yake. Sasa baba yake alikuwa hana boma. Baba yake alikuwa amepanga vyumba viwili Awendo, nyuma ya duka la mbolea. Shangazi mmoja alishasema kwenye simu, na Clifford akanisikilizisha: "Sisi hatupeleki mtoto kwa watu wanaonuka mbolea ya DAP. Tukikuta hakuna boma, tunarudi naye."

Kijana hakula siku hiyo. Mimi nilikula, lakini bila raha.

Ndiyo maana niliposikia Werema anauza nyumba, nilikimbia. Werema ni Mkuria, amekaa Awendo tangu ujana wake, na sasa alitaka kurudi kwao upande wa Kehancha. Alitaka milioni mbili na laki mbili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nauza trela langu la miwa, naongeza kwenye akiba, napewa ufunguo. Kununua si kufungua dala. Hakuna foleni kwa kununua. Cephas angeweza kukaa kwa mama mpaka ndevu zifike magotini.

Nilimchukua mke wangu Phelesia twende tukaone. Alipoingia jikoni akafungua mfereji wa ndani, akaufunga, akaufungua tena. Akagonga vigae kwa kisigino. Akafungua kabati za ukutani akaingiza kichwa.

"Wuon Clifford," yaani baba Clifford, akaniambia polepole, "hapa hata mimi ninaweza kunenepa."

Nikajua imeisha. Nikaanza kuongea na Werema mambo ya kupunguza bei. Phelesia akatoka kwa mlango wa nyuma kuangalia mahali pa kuanika nguo. Halafu akaita.

"Werema! Huyu ni nani?"

Nyuma ya jiko, kando ya migomba, palikuwa na kaburi la vigae vyeupe, safi kabisa.

"Huyo ni mama," Werema alisema. "Alipenda sana hii plot."

"Na unamhamisha lini?"

"Kumhamisha? Mama si kabati, dada yangu. Atakaa. Mimi nitakuwa nakuja mara moja kwa mwaka kumsalimia na kupiga vigae maji. Hana maneno."

"Kwa hiyo mimi nitapika hapa kila siku mama yako akiniangalia mgongo."

"Akiwa hai alikuwa anasifu wapishi."

"Mama mkwe mmoja ananitosha," Phelesia alisema, akafunga ule mlango wa nyuma kwa adabu, kama mtu anayemfungia mgonjwa aliyelala.

Nilijaribu kumtetea marehemu. Nilisema tunaweza kuweka ua katikati. Nilisema watu wengi wamenunua nyumba zenye makaburi na wanalala. Phelesia alinijibu njiani, watu wakisikia: "Na mimi nikifa utanizika wapi? Kando ya mama yake Werema, tuanze kujuana? Hiyo ni nyumba, baba. Si dala. Shangazi za Irine watauliza ni kaburi la nani, utawaambia ni la muuzaji?"

Lakini mimi ni mtu mkaidi. Nilirudi kwa Werema nikamwomba anishikie nyumba. Akasema mwisho wa Septemba. Kulikuwa na mtu wa Rongo aliyeitaka, na huyo haogopi wafu.

"Mwisho wa Septemba," nilimwambia Phelesia. "Kama Cephas hajahama mpaka hapo, nalipa, na wewe utasalimiana na mama wa watu kila asubuhi."

"Wewe huna shida ya nyumba," alisema. "Una shida ya Trizah. Na hujawahi hata kumuuliza anataka nini."

*

Nilianza na Cephas. Nilimkuta kwa mama, Lambwe, amekaa nje ya nyumba yake ya zamani akimenya muwa. Cephas ni mtu mzuri. Hana adui, hana deni, hana haraka. Paa la nyumba yake lina matundu kiasi kwamba mvua ikinyesha anajua aweke sufuria wapi bila kuwasha taa.

"Omera, ndugu yangu, utahama lini?" nilimuuliza hata kabla sijaketi.

"Nihame na nani? Na mbuzi?"

"Nenda umrudishe mke wako."

"Nimeenda mara mbili." Alitema kapi la muwa. "Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinipa chai na nauli."

"Alisema nini?"

"Alisema nisalimie paa."

Hapo nikaelewa. Trizah aliomba mabati mapya miaka mingi. Siku Cephas alipouza ng'ombe, alirudi nyumbani na spika kubwa ya muziki. Trizah alisikiliza wimbo mmoja, akafunga nguo zake kwenye leso, akaenda.

Nikaenda Macalder. Trizah ana kibanda kando ya mahali wanapochimba, na wachimbaji wanakuja pale na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa amenawiri. Aliponiona hakusimama, aligeuza chapati.

"Yuora," alisema, yaani shemeji, "ukiwa umetumwa na ndugu yako, kaa ule, halafu nikupe nauli."

"Sijatumwa. Nimekuja kwa shida yangu." Nikamwambia yote: Clifford, Irine, shangazi, Werema, mama yake Werema chini ya migomba. Hapo kwa mama yake Werema alicheka mpaka wachimbaji wakageuka.

"Kwa hiyo ili wewe upate nyumba, mimi nirudi kwa mwanaume."

"Ndiyo hivyo."

"Angalau husemi uongo." Akanikatia chapati vipande vinne kama mtoto. "Sikiliza. Cephas simchukii. Hajawahi kunipiga, hajawahi kunitukana. Lakini najua mtaniambia nini. Mtaniambia siku ya kufungua dala tunasimamisha kibanda cha kulala tu, nyumba nzuri itakuja baadaye. Yuora, baadaye ya Cephas naijua. Nimeishi ndani yake. Inavuja."

"Unataka nini?"

"Nyumba kamili. Siku hiyo hiyo. Vyumba vitatu, milango yenye kufuli, na jiko lake kando. Na biashara yangu siachi. Jumatatu narudi hapa, Ijumaa naenda nyumbani kama mfanyakazi wa serikali. Nani analipa?"

"Mimi."

"Ha! Kumbe ninaolewa na shemeji."

Mchimbaji mmoja aliyekuwa na uji akasema kwa nguvu: "Mama Chapo, ukienda kabisa sisi tutakufa." Trizah akamwambia anyamaze, kwanza anadaiwa.

Nikamwambia nyumba ya vyumba vitatu na jiko haiwezi kusimama kwa siku moja. Akasema hilo si shida ya mtu anayeuza chapati.

*

Fundi wangu ni Mayaka, Mkisii, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Nilimweleza. Alifikiri akiwa amefumba jicho moja.

"Tunaijengea hapa," alisema.

"Wapi?"

"Hapa Awendo, kwa uwanja wangu. Kuta zote tunazipigilia chini, kila ukuta fremu yake, na mabati yake tayari. Paa vivyo hivyo, vipande vipande. Halafu tunapakia kwa trela lako la miwa. Kule Lambwe ni kuchimbia nguzo, kuinua na kupigilia. Kabla jua halijaingia mama anafunga mlango kwa kufuli."

Nilisimamisha kubeba miwa wiki mbili. Trizah alikuja mwenyewe kukagua. Alizunguka uwanja wa Mayaka akigonga kila fremu kwa kifundo cha kidole, akahesabu milango, akajaribu kufuli zote, akamuuliza Mayaka kama hizo mbao zimekauka au zitajikunja kama mume wake. Mwisho akasema, "Nitakuja."

Jumamosi ya mwisho ya Septemba tukavuka Ndhiwa na nyumba kwenye trela. Watu walitoka barabarani kuangalia. Mtoto mmoja alituuliza kama ndani kuna watu.

Baba yetu hayupo, kwa hiyo aliyesimamia mila ni baba mdogo, mzee Osewe. Alikuwa shambani tangu alfajiri. Cephas alikuwa ameshika shoka, kijana wake wa kwanza ameshika jogoo, Trizah amekuja na moto kwenye chungu. Kila kitu cha mila kilikuwa sawasawa. Halafu trela likaingia, na mzee Osewe akainua fimbo.

"Hicho ni nini?"

"Nyumba, baba," nilisema.

"Nyumba ya nani?"

"Ya Cephas."

"Nimekuja kuona nyumba ikijengwa. Hii naona imejengwa. Imetoka Awendo na mabati yake na madirisha yake. Chrispine, hii umenunua. Umemnunulia kaka yako nyumba kama mkate."

"Mzee, hata nyumba haijasimama," Mayaka alisema.

"Wewe fundi, kwenu Kisii fanyeni mnavyotaka. Hapa mtu hafungui dala kwa kitu cha kununua. Ng'oeni misumari yote, mpigilie upya hapa."

Mayaka alikaa chini. Alikaa kabisa, kwenye nyasi, kama mtu aliyeambiwa shamba lake limechukuliwa na mto. Kung'oa misumari yote ilikuwa kazi ya siku tatu. Jumatatu ilikuwa tarehe ya Werema. Cephas akaniangalia, mimi nikamwangalia jogoo. Niliona milioni mbili na laki mbili, nikaona vigae vyeupe, nikaona shangazi wakirudi Homa Bay na Irine katikati yao.

Aliyesema ni Trizah. Alipiga magoti kwanza, heshima ilikuwepo.

"Jaduong', mzee wangu, mabati ya nyumba yako yalitengenezwa wapi?"

"Sijui. Kiwandani."

"Na mlango?"

"Nilinunua Sindo."

"Ukiwa umeshapigiliwa au ulinunua mbao ukapigilia?"

Mzee alikohoa. "Ulikuwa mlango. Mlango huja ukiwa mlango."

"Basi na ukuta huja ukiwa ukuta. Wewe tuambie tu ni kitu gani hakiwezi kutoka nje. Hicho tutafanya hapa."

Mzee Osewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa tu kuharibu kazi ya marehemu kaka yake. Alizunguka trela akagusa nguzo zilizolala juu. Jua nalo lilikuwa linapanda.

"Mashimo," alisema mwisho. "Shimo halibebwi. Nguzo zote zichimbiwe hapa, leo, na mwenye dala kwa mikono yake. Si fundi. Si ndugu yake mwenye pesa. Mwenye dala."

Wote tukamgeukia Cephas. Kaka yangu hakuwa ameshika jembe tangu watu waanze kuwa na simu. Mashimo yalikuwa kumi na sita kwa nyumba na manne kwa jiko, na udongo wa Lambwe wakati huo wa mwaka ni mweusi na mgumu kama kisigino. Nilidhani atacheka na kusema tungoje mvua.

Alivua shati. Akampa kijana wake. Akachukua mtaimbo.

Nitasema ukweli, alinishangaza. Alichimba shimo la kwanza, la pili, la tatu. Tumbo lilikuwa linaenda upande wake na mtaimbo upande wake. Mafundi walimwimbia. Mama yetu alikuja na maji akamwagia kichwani. Kila shimo likikamilika, Mayaka alipima kwa mkono, akaruka nyuma, na watu wake wakaangusha nguzo. Lakini saa za mchana Cephas alikuwa amefika nusu ya kazi, na viganja vyake vilikuwa vimechunika. Alianza shimo lingine, mtaimbo ukamponyoka. Akauokota. Ukamponyoka tena.

"Mzee, nimsaidie," nilisema.

"Wewe si mwenye dala," Osewe alisema, na hakupenda kusema hivyo, nilimwona.

Trizah aliweka chini chungu cha moto. Akafunga leso kiunoni, mafundo mawili.

"Nipe hicho chuma," alimwambia Cephas.

"Trizah, wewe ni..."

"Mimi ni nani? Mzee, mwenye dala ni mmoja au wawili?"

Osewe alimtazama, akatazama jua. "Sijawahi kuona dala la mtu mmoja," alisema.

"Nimekaa Macalder miaka miwili," Trizah alisema akitemea viganja. "Nimeona watu wakichimba mwamba kutafuta kitu kidogo kuliko chenga ya mchele. Huu ni udongo tu."

Alichimba kama wao, mapigo mafupi, mtaimbo ukizungushwa kila ukiingia ili udongo ulegee. Cephas alikuwa amepiga magoti kando yake, anatoa udongo kwa mikono. Mara moja tu nilimsikia Cephas akisema, "Ile spika niliuza," na Trizah akajibu, "Nilisikia. Chota."

Shimo la mwisho la jiko lilikamilika jua likiwa juu ya vilima vya Gwassi. Mayaka alikuwa anapiga kelele kama mwamuzi wa mpira. Kuta zikainuliwa, moja, nyingine, paa likapanda kwa kamba, misumari ikalia pande zote. Jua lilipozama Trizah aliingia na moto, akafunga mlango, akazungusha ufunguo ndani. Tukasikia kufuli. Halafu akaufungua tena, akatoa kichwa.

"Haya, nendeni kwenu," alisema. "Wageni gani hawa hawana haya?"

Jumatatu nilimpigia Werema. Akasema hakuna neno, mtu wa Rongo alikuwa ameshakaa sebuleni kwake. Phelesia alinitaka simu, akamwambia Werema amsalimie mama.

Mwezi wa Oktoba nilifungua dala langu, boma la pili kutoka kwa Cephas. Mashimo nilichimba mwenyewe na Phelesia alichimba mengine, kwa sababu mzee Osewe sasa ameifanya kuwa sheria na kijiji kizima kinaniangalia vibaya. Novemba Clifford alijenga simba yake upande wa kushoto wa lango. Shangazi za Irine walikuja Desemba, wanne, na yule wa simu akiwa mbele. Alizunguka boma lote. Akanusa, nilimwona akinusa. Akauliza ni nani amejenga. Phelesia akamwonyesha viganja vyake.

Yule shangazi aliketi akaomba maji ya kunywa. Irine hakurudi nao.

Sasa gharama, kwa kuwa watu wananiuliza. Nyumba ya Cephas, laki tatu na elfu arobaini. Jiko la Trizah, elfu hamsini na tano. Chakula cha mafundi kwa madala yote mawili, elfu ishirini na mbili. Majogoo wawili, elfu tatu. Nyumba yangu, milioni moja, laki mbili na elfu kumi. Simba ya Clifford, laki moja na elfu ishirini. Miwa ya wiki mbili ambayo trela halikubeba, elfu sabini. Jumla ni milioni moja, laki nane na elfu ishirini: akiba yote na elfu ishirini juu, lakini trela bado ni langu.